Mzee aliyefungwa Lupa: namna ya kumfuata kwenye nyaraka na magazeti ya zamani

Swali limetoka kwa msomaji wa Makambako. Anaeleza kwamba baba wa babu yake aliondoka Ubena, nchi ya Wabena huko Njombe, miaka ya 1930 kwenda Lupa, Chunya ya leo, kwenye machimbo ya dhahabu, akamwacha mke na watoto wawili. Baadaye zikaja habari kwamba ameua mtu kwenye ugomvi wa pombe na amefungwa. Mara ya mwisho alisikika yuko Dodoma. Hakurudi, kaburi lake halijulikani, na nyumbani jina lake halitajwi wala hakuna mtoto aliyerithishwa. Msomaji anauliza kama kuna kumbukumbu au gazeti lolote lililobaki, na aanzie wapi.

Uwezekano upo, tena ni mkubwa kuliko unavyodhani. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini aliyelima shamba lake, akalipa kodi yake na kufia kwake, mara nyingi ameacha mstari mmoja tu kwenye kitabu cha ubatizo, basi. Aliyekamatwa aliandikwa na polisi, karani wa mahakama, mkalimani, daktari, jaji na bwana jela. Masaibu ya mzee wenu ndiyo yaliyomwachia maandishi.

Tatizo ni namna maandishi hayo yalivyopangwa. Nyaraka za serikali hupangwa kwa ofisi iliyoziandika, na ndani ya ofisi kwa shughuli: kodi, kazi, magereza, mashauri. Hazikupangwa kwa majina ya watu. Wengi hufika Nyaraka za Taifa na jina mkononi, huambiwa halipo kwenye orodha, hurudi nyumbani wakiamini kila kitu kiliungua. Hakijaungua. Jina hilo halikuwahi kuwa kichwa cha jalada. Kwa hiyo kila hatua jiulize hivi: jambo hili, mahali hapa, mwaka huu, lilikuwa shauri la ofisi gani, na ofisi hiyo ilipaswa kumwandikia nani? Ukilijibu hilo utajua jalada gani la kuomba, hata kama kichwa chake hakimtaji mzee kabisa.

Kabla ya safari yoyote, kazi ya wiki mbili au tatu inafanyika nyumbani. Unahitaji vitu vitatu: mwaka usiokosea kwa zaidi ya miaka mitatu, mahali hasa alipokaa, na majina yake yote.

Mwaka usimwulize mzee kwa namba, maana atakupa namba ya kukuridhisha. Muulize kwa matukio. Ubena una alama nzuri za wakati. Nzige wekundu walisumbua miaka ya 1930, na wazee wengi walisimuliwa njaa yake. Simba wala watu wa Njombe walianza kuua watu mwanzoni mwa miaka hiyohiyo na wakaendelea mpaka ofisa wanyamapori George Rushby alipowawinda miaka ya 1940. Vita ya Hitila ilianza 1939 na kuisha 1945. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudishwa Kalenga Juni 1954. Uliza: mzee aliondoka kabla ya simba au simba wakiwepo? Habari ya kufungwa ilifika kabla ya vijana kuchukuliwa vitani au baada? Mtoto wake mdogo alikuwa anatambaa au anachunga? Ukiunganisha jibu la mwisho na tarehe ya ubatizo wa mtoto huyo, mara nyingi mwaka unajitokeza wenyewe.

Waulize wazee mmojammoja, wasisikiane. Wakikaa pamoja, anayeheshimiwa zaidi husema na wengine huitikia, na unabaki na simulizi moja badala ya nne. Usianze na mauaji. Anza na safari: alikwenda na nani, njia gani, alituma nini nyumbani, nani alirudi na habari. Jina la mwenzake wa safari ni la thamani kubwa, kwa sababu huenda ndiye aliyeitwa kuwa shahidi.

Majina ndiyo yanayopoteza watu wengi. Mahakamani na kwenye daftari za kodi za wakati ule mtu aliandikwa kwa jina lake na la baba yake: fulani bin fulani. Jina la ukoo mnalotumia leo huenda halimo kabisa. Andika jina la kuzaliwa, la ubatizo, la utani, la baba yake na la babu yake, na ujaribu kila mchanganyiko. Kisha andika namna kila jina linavyoweza kuwa limesikika kwa karani asiyejua Kibena. L na R hubadilishana, V huwa W au B, H hudondoka. Jina kama Luvanda litafute pia kama Ruvanda, Luwanda na Lubanda. Wajerumani walimwandika Mkwawa kama Quawa, na Lugalo, alikopigana nao, wakaiita Rugaro; kama jina la mtu aliyewashinda vitani 1891 lilipinda hivyo, la kibarua lilipinda zaidi. Kabila nalo usiliamini sana. Huko kazini Mbena aliweza kuandikwa Mhehe au Mngoni kwa sababu ya watu aliofuatana nao.

Fungueni pia masanduku. Stakabadhi za kodi, kipande cha kazi (kadi ya kuhesabia siku za kazi), cheti cha ubatizo na barua kutoka kambini vilifungwa kwenye vitambaa na kusahauliwa. Stakabadhi moja ya kodi hukupa wilaya, mwaka na pengine jumbe wake, yaani mkuu wa kijiji wa wakati ule, na hivyo vitatu vinatosha kufungulia mlango.

Baada ya nyumbani, nenda kanisani. Ubena wa wakati huo ulikuwa hasa eneo la Misheni ya Berlin, yenye vituo kama Kidugala, Ilembula na Lupembe, ambavyo leo viko ndani ya KKKT. Andika barua kwa mchungaji wa usharika, taja majina na miaka, omba kuangaliziwa kitabu cha ubatizo, cha kipaimara na cha ndoa. Omba pia kumbukumbu za wazee wa kanisa. Kanisa halikurekodi sakramenti peke yake. Lilirekodi pia waliotengwa kwa ulevi, kwa kuoa mke wa pili au kwa kurudi kwenye matambiko, na waliorudishwa kundini. Kama mke wake aliomba ruhusa ya kuolewa tena, wazee wa kanisa walilazimika kujua mumewe yuko wapi na ana hukumu gani. Naamini hapo ndipo pa kutazama kwa makini kuliko popote kijijini, na karibu hakuna anayepatazama.

Usishtuke ukikuta mapengo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa wakati wa vita ya kwanza, Waskoti wa Livingstonia wakavishika vituo kwa muda, Wajerumani wakarudi katikati ya miaka ya 1920, kisha wakaondolewa tena vita ya pili ilipoanza. Mwandiko hubadilika, lugha hubadilika, na baadhi ya vitabu vilianzishwa upya bila kunakili vya zamani. Kwa wasomaji ambao wazee wao walikuwa Wakatoliki, kama wa Tosamaganga au Galula, vitabu vya parokia viliandikwa kwa Kilatini. Maneno machache yanatosha: filius ni mwana, patrinus ni baba wa ubatizo, obiit ni alifariki, in periculo mortis ni ubatizo wa aliye hatarini kufa. Angalia pembeni mwa ukurasa wa ubatizo, kwa sababu ndoa ya baadaye huandikwa hapo hata kama ilifungwa parokia ya mbali.

Sasa kosa lenyewe. Msilikubali neno "alifungwa kwa kuua" kabla ya kulipima. Katika Tanganyika ya miaka ya 1930 mtu alifikishwa mahakamani kwa mambo ambayo leo hayangemfikisha popote. Kutoroka kwa mwajiri kabla ya mkataba kuisha kulikuwa kosa chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya 1923. Asiyelipa kodi alitumikishwa. Kupika pombe ya moshi na kukutwa na dhahabu isiyo na kibali yalikuwa makosa pia. Habari hizo zilisafiri kwa mdomo kutoka Chunya hadi Ubena, na zilikua njiani. Kwa hiyo jiandae kwa majibu mawili: mtu aliyeua kweli, na mtu aliyepigwa miezi sita kwa kosa dogo kisha akaona haya kurudi mikono mitupu. Utafutaji wa kila mmoja unapita njia yake.

Kosa dogo lilisikilizwa na baraza la wenyeji au na Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya wa Kiingereza, mwenyewe. Mabaraza hayo, yaliyowekwa chini ya sheria ya mwaka 1929, yaliandika daftari za mashauri, mara nyingi kwa Kiswahili: namba, mdai, mshtakiwa, kosa, hukumu, faini. Yalifutwa kwa sheria ya mahakama ya 1963 na nafasi yake ikachukuliwa na mahakama za mwanzo. Kwa sababu hiyo baadhi ya daftari zilibaki kwenye makabati ya mahakama ya mwanzo au ofisi ya wilaya, nyingine zilipelekwa Nyaraka za Taifa, na nyingine zililiwa na mchwa. Uliza kwa adabu, kwa barua, na uombe "daftari za zamani za baraza" kwa jina la mahali, usiombe "kesi ya babu".

Kuua hakukuwa shauri la baraza. Mauaji yalipita ngazi tatu, na kila ngazi ilitoa karatasi zake. Kwanza polisi na Bwana Shauri wa mahali, kwa mzee wenu akiwa Chunya au Mbeya, walichukua maelezo ya mashahidi. Pili, hakimu wa wilaya alifanya uchunguzi wa awali na kumpeleka mshtakiwa Mahakama Kuu. Tatu, jaji wa Mahakama Kuu alisafiri kuja mikoani kusikiliza mashauri kwa vipindi, akisaidiwa na wazee wa baraza ambao maoni yao yaliandikwa. Akihukumiwa kunyongwa, jalada lilipanda hadi kwa Gavana, ambaye aliweza kuibadili adhabu kuwa kifungo. Akikata rufaa, ilikwenda Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki.

Rufaa ndiyo sehemu pekee ambapo jina la mtu huwa kichwa cha habari. Hukumu za mahakama hiyo zilichapishwa kwenye vitabu vya mwaka kuanzia 1934, na kila kesi imeitwa kwa jina la mshtakiwa. Vitabu hivyo vipo kwenye maktaba kubwa za sheria, kama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pitia faharasa ya majina ya 1934 hadi 1945. Ni kazi ya nusu siku. Kichwa cha kesi kikianza na Rex, serikali ilikuwa ya Mfalme, yaani kabla ya Februari 1952. Kikianza na Regina ni baada ya hapo, enzi ya Malkia. Alama hiyo ndogo itakuokoa usichukue kesi ya mtu mwingine mwenye jina lilelile. Zingatia lakini kwamba si kila rufaa ilichapishwa. Kukosa jina humo hakumaanishi kwamba kesi haikuwepo.

Kwa jalada lenyewe, andika kwanza kwa Msajili wa Mahakama Kuu, Mbeya, ukitaja kipindi na kosa, uulize rejista za mashauri ya jinai ya miaka hiyo ziko kwao au zilishahamishwa. Ukipata namba ya kesi na mwaka wake, umepata ufunguo wa kila kitu kinachofuata, kwa sababu magereza, hospitali na ofisi ya Gavana huenda ziliitaja namba hiyohiyo.

Kisha Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Zinaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002, na kwa kawaida nyaraka hufunguliwa baada ya miaka 30, hivyo miaka ya 1930 imeshapita mbali. Andika au piga simu kabla ya kupanda basi, uulize taratibu za kibali cha kusoma, ada ya nakala, na kama majalada ya eneo lako yako Dar es Salaam au yamehifadhiwa Dodoma. Chukua kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho, penseli, na daftari lisilolegea. Kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na nyaraka, na kupiga picha kunahitaji ruhusa. Tenga siku tano za kazi. Siku ya kwanza huliwa na kibali na kusoma orodha. Ukija kwa siku mbili utaondoka jalada linapoanza kusema.

Usiombe jina. Omba majalada ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini na wilaya za Mbeya, Chunya na Njombe kwa miaka yako: taarifa za mwaka za wilaya, mambo ya Lupa, kazi na wafanyakazi, polisi na magereza, wagonjwa wa akili, maombi na malalamiko. Hilo la mwisho watu hulidharau. Wake na ndugu waliwaandikia maofisa wakiuliza mume amepelekwa wapi, na barua hizo, nyingine zikiwa zimeandikwa na mwalimu wa misheni kwa niaba yao, zimo. Omba pia Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa waliandika habari za wilaya zao. Hutamkuta mzee humo, lakini utawakuta majumbe, mipaka, na jina la eneo kama lilivyoandikwa wakati ule.

Unaposoma, kila barua ina namba yake ya kumbukumbu juu, na mara nyingi inataja namba ya barua inayojibiwa. Nakili zote mbili. Barua ya wilaya inayosema "kuhusu barua yako namba fulani ya tarehe fulani" inakuambia kuna jalada jingine, ofisi nyingine, lenye upande wa pili wa mazungumzo. Hivyo ndivyo mtu asiye na jalada lake hupatikana, kwa kufuata ofisi zikiandikiana. Nakili pia maoni mafupi ya maofisa yaliyoandikwa kwa mkono. Barua rasmi husema kilichoamuliwa. Maoni yale husema kwa nini.

Andika na ulichokikosa. "Nimepitia jalada hili, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hayumo" ni matokeo, na bila kuyaandika utalirudia jalada hilo mwakani.

Kuhusu Dodoma. Nikisikia kwenye habari moja "aliua" na "Dodoma", jambo la kwanza ninalolifikiria si gereza peke yake. Dodoma ilikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili, Mirembe, tangu miaka ya 1920, na leo ina sehemu ya Isanga kwa wale wanaofika huko kupitia mahakama. Sheria ilimruhusu jaji kuamua kwamba mshtakiwa alitenda kitendo hicho lakini hakuwa na akili timamu. Mtu huyo hakupewa kifungo cha miaka. Aliwekwa mpaka Gavana aamue vingine, na uamuzi huo uliweza kuchelewa maisha yake yote. Jambo hili linaeleza vizuri mtu ambaye familia inasema alifungwa, hana tarehe ya kutoka, na hakurudi. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwake. Nasema njia hii ifunguliwe mapema. Kama ndiyo, jalada la Mahakama Kuu litakuwa na ushahidi wa daktari, na ofisi ya Gavana itakuwa na taarifa za hali yake.

Barua kwa hospitali iwe fupi na iombe kitu kidogo. Taja majina yake yote, la baba yake, kabila, wilaya, mwaka wa kukadiria na namba ya kesi kama unayo. Ambatisha uthibitisho wa undugu: nakala ya kitambulisho chako na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza ukoo. Omba mambo matatu tu: tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kutoka au kufariki, na mahali pa maziko. Usiombe jalada lote la matibabu. Siri ya mgonjwa haiishi kwa sababu amekufa, na ombi kubwa hukataliwa lote kwa pamoja, na lile dogo ndani yake likapotea nalo. Kwa magereza ni vivyo hivyo. Rejista ya wafungwa huwa na namba, jina, kabila, umri wa kukadiria, alama za mwili, kosa, adhabu na tarehe ya kutoka. Alama za mwili, kovu au kidole kilichokatika, zinaweza kuthibitisha mtu kuliko jina.

Msomaji ambaye mzee wake alipotea kabla ya 1916 asitafute Mirembe. Wakati wa Wajerumani wagonjwa wa akili walipelekwa Lutindi, Usambara, kwenye kituo cha misheni.

Magazeti yanafaa, ila ukiyaanza kwanza yatakuchosha. Yaache mpaka uwe na mwezi wa kesi. Tanganyika Standard lilianza 1930 kwa Kiingereza, likiwaandikia hasa Wazungu. Kesi ya Mwafrika aliyemuua Mwafrika mwenzake ilipata mistari mitatu, au haikupata kitu, na mara nyingine mshtakiwa hakutajwa jina. Kwa hiyo usitafute jina humo. Tafuta habari za vikao vya Mahakama Kuu Mbeya au Iringa, na habari za Lupa. Lupa ilifuatwa sana kwa sababu ya dhahabu, na habari ya vurugu za kambini ilipata nafasi ambayo kijiji cha Ubena kisingeipata. Soma kuanzia siku kikao kilipoanza hadi wiki tatu baada ya kuisha.

Mambo Leo ni gazeti jingine kabisa. Lilitolewa na serikali kila mwezi kwa Kiswahili kuanzia Januari 1923, na lilichapisha habari fupi zilizotumwa na wenyeji kutoka wilayani: mvua, nzige, vifo vya machifu, ajali, mashairi. Makarani na walimu wa Mbeya, Tukuyu, Njombe na Iringa waliandika humo. Habari hutokea mwezi mmoja hadi mitatu baada ya tukio, basi pitia matoleo manne baada ya mwezi wako. Tafuta kwa jina la mahali na kwa maneno ya wakati ule: shauri, ugomvi, kilabu, pombe, kambi, Bwana Shauri. Kwetu, gazeti la Erica Fiah lililoanza 1937, lilisema zaidi juu ya malalamiko ya Waafrika, ingawa Nyanda za Juu hazimo sana. Matoleo haya yatafute kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwenye Nyaraka za Taifa. Kwa enzi ya Wajerumani, gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung limewekwa mtandaoni bure na maktaba ya taifa ya Berlin. Limechapwa kwa herufi za Kijerumani za kale, ambazo kompyuta huzisoma vibaya, S ndefu ikawa F. Ukitafuta neno lenye S, jaribu na F.

Ukimpata, usifurahi haraka. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kumchukua mtu wa kwanza mwenye jina linalofanana. Weka sharti hili: alama tatu zinazojitegemea zikubaliane kabla hujasema ni yeye. Jina lake na la baba yake ni alama moja, si mbili, kwa sababu ziliandikwa pamoja na karani mmoja. Jumbe au kijiji alichotoka ni ya pili. Mwenzake wa safari akiwa shahidi, au kovu ambalo bibi alilisimulia, au kanisa lake, ni ya tatu. Umri usiuhesabu kabisa. Ulikadiriwa kwa macho, ndiyo maana wafungwa wengi wana miaka 25, 30 au 40 kamili.

Na ukiufungua mwenendo wa kesi, kumbuka maneno yake yalipita wapi. Alisema Kibena, mkalimani akasema Kiswahili, jaji akaandika Kiingereza, tena kwa ufupi. Ukisoma "nilikasirika nikampiga", hiyo si sauti yake. Ni mabaki yake baada ya midomo miwili na kalamu moja. Tazama maswali ambayo hayakuulizwa: nani alianza, walikunywa kwa muda gani, mshahara ulikuwa umelipwa au umezuiwa. Soma maoni ya wazee wa baraza, maana wao walijua mila na kambi, na mara nyingine walitofautiana na jaji. Angalia pia kosa alilotiwa nalo hatiani. Kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia yalitenganishwa na uchokozi na ulevi, na nyumbani yote mawili yaliitwa kuua.

Katika karatasi hizohizo kuna mtu wa pili, aliyeuawa. Naye ana jina, kijiji na pengine wajukuu wanaoishi Chunya au Songwe leo. Mwandike kwenye daftari lako kwa heshima ileile. Usilichapishe jina lake wala usiwatafute ndugu zake kwa pupa; hilo liamuliwe na wazee wa ukoo wenu, kwa sababu huenda mambo ya fidia na upatanisho yalishafanyika bila wewe kujua, au hayajafanyika na wao wanajua.

Nakala utakazopata usizisome kwanza kwenye kundi la simu la ukoo. Mpelekee aliye mkubwa kuliko wote, ana kwa ana, na umuulize kabla ya kufungua bahasha kama anataka kusikia yote, au anataka tu kujua alikufa lini na amelazwa wapi. Akichagua hilo la pili, msomee mstari huo mmoja, na mengine yaweke mahali pakavu mpaka atakapoyaomba.